Fimbo Mbili za Mti Mmoja

Mafuta ya ng'ombe yakipakwa kwenye mti mbichi, kisha mti huo ukapitishwa juu ya makaa, hutoa harufu yake ya pekee, tamu kidogo na chungu kidogo, inayoingia kwenye nguo na kukaa humo siku nzima. Nikiinusa leo hugeuza uso kabla sijajua kwa nini. Watu hudhani kwamba harufu za utotoni lazima ziturudishie furaha. Hii yangu hunirudishia wivu, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu wivu huo nimekaa nao kuliko nilivyokaa na mtu yeyote.

Ilikuwa kiangazi, katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Nyumba yetu ilikuwa kilimani huko Masisi, upande wa Nyamitaba, tukilima maharagwe, mtama na viazi. Majirani zetu walikuwa wafugaji, na Mama aliwapelekea maharagwe, nao wakampa maziwa na mafuta. Papa, baba yangu, hakuwepo. Alikuwa kwenye kazi ya barabara mbali sana, upande wa Hombo, Walikale inakoishia, na zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu aondoke. Alikuwa ameniahidi kwamba akirudi tutatengeneza upinde wangu wa kwanza. Kwetu mtoto wa kiume hakupewa upinde uliokwisha kutengenezwa. Aliutengeneza mwenyewe, mzazi wake akiwa ameketi nyuma yake. Wenzangu wengi walikuwa nao tayari. Mimi nilikuwa nikishinda kwenye njia ya bondeni, nikitazama kila mtu anayepanda na mzigo kichwani, na siku Papa alipotokea kweli nilikimbia mpaka nikajikwaa. Nilipoinuka, vumbi tele magotini, nikaona kwamba mkono wake mmoja ulikuwa umebeba kifurushi na wa pili umeshika mkono wa mtoto mwingine.

Mtoto huyo aliitwa Bauma. Alikuwa mwana wa shangazi yangu aliyeolewa Walikale, na baada ya baba yake kufariki, mama yake naye akafuata. Kwa desturi yetu mtoto wa dada ni mzigo mtakatifu. Mjomba akimwacha ateseke, hata mvua hulaumiwa juu yake. Hayo niliyajua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kugawana baba ni kingine. Bauma alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, mkimya, na alikula polepole kama mtu anayeogopa kumaliza. Siku ya tatu nilisema kwa sauti, ili asikie, kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama alinitazama, akasema, "Ulimi yako iko na miiba, Petero. Enda uchote maji."

Papa alikuwa na majuma machache tu ya mapumziko, kwa hiyo hakuchelewa. Alishuka bondeni, ambako msitu ulikuwa bado haujafyekwa, akarudi na fimbo mbili za mti mmoja mgumu. Moja ilikuwa imenyooka kabisa. Ya pili ilikuwa na kona mbili, moja karibu na pale pa kushika, nyingine karibu na ncha, kila moja ikielekea upande wake. Akazilaza chini mbele yetu. "Mukubwa njo anachagua wa kwanza," alisema. Nilinyakua iliyonyooka kabla hajafunga mdomo. Bauma akaokota iliyobaki, akaitazama huku na huku. Nilimcheka moyoni, nikajiona mjanja kuliko watoto wote wa Masisi.

Mtaka yote hukosa yote. Fimbo yangu ilihitaji kazi ya nusu siku: kuibandua gome, kuichonga kidogo kwa kisu, kisha kuitundika juu ya meko ikaushwe na moshi. Niliposogea kwa Papa na kumwonyesha, aliipitishia kidole gumba tu. "Yako iko sawa. Iache ikauke." Basi. Ile ya Bauma ndiyo iliyokula jioni zote. Mti uliopinda haunyooshwi siku moja. Papa aliketi mbele ya makaa, akamweka Bauma katikati ya magoti yake, akampaka mafuta viganjani na kuiweka mikono yake juu ya mikono ile midogo. Waliigeuza fimbo juu ya joto mpaka mafuta yaanze kulia, wakaiweka gotini, wakaibonyeza kidogo, kidogo sana, kisha wakakaa hivyo hivyo bila kutikisika mpaka ipoe. Wakati wa kungoja ipoe ndipo Papa alipozungumza. Alimsimulia habari za msitu, za mto, za mama yake Bauma alipokuwa msichana. Zilikuwa habari za familia yangu, nami nilizisikia kutoka upande wa pili wa moto, kwa pembeni. Jioni moja nilileta tena fimbo yangu, nikasema nayo inahitaji kupashwa. Papa akacheka. "Muntu muzima haendake kwa munganga," alisema, akairudisha kwenye moshi.

Niliwaza neno hilo usiku na mchana. Siku moja Mama akiwa shambani, na Papa na Bauma wameteremka kutafuta kamba za kufungia pinde, niliitungua fimbo yangu. Niliibana kwenye panda ya mparachichi wetu, nikafunga jiwe zito kwenye ncha, nikaketi kulilinda kama mtu anayechunga mbuzi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Fimbo yangu haikuwa mbichi tena, nami sikutumia moto wala mafuta. Walipokaribia kurudi nilifungua jiwe, nikaona kona nzuri, kubwa kuliko zote mbili za Bauma. Nilifurahi, kweli nilifurahi, kama mtu aliyeambiwa amepata homa na hatakwenda shule.

"Papa, yangu nayo imepinda," nilisema jioni, wote wakiwa wamezunguka moto.

Aliipokea, akaichunguza kwa muda. "Hii haikujipinda yenyewe. Nani aliipinda?"

"Ni mbuzi ya Mama."

"Iko na mikono, hiyo mbuzi?"

Mama aliangua kicheko, Papa akacheka, na Bauma, ambaye tangu aje sikuwahi kumwona akicheka, akacheka pia. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Papa alisogeza kigoda, akafungua magoti, akaniita niketi. Nikapakwa mafuta viganjani. Mikono yake, migumu kwa kazi ya barabara, ikafunika yangu, na tukaigeuza fimbo juu ya makaa pamoja. Nilisikia pumzi yake kisogoni. Alianza kuniambia kitu kuhusu siku niliyozaliwa, mvua ilivyokuwa, na tulipoibonyeza gotini fimbo ikalia ta! na kupasuka kwenye kona yangu. Papa alitazama ndani ya ufa. "Ilikuwa imekwisha vunjika tangu mbele," alisema. "Usilie. Kesho tutakata ingine." Hakumaliza habari ya mvua.

Kesho yake asubuhi alikuja mtu na ujumbe wa msimamizi wa barabara: gari la kuwarudisha wafanyakazi linaondoka siku ile ile. Mapumziko yalikuwa yamekatwa. Papa alifunga kifurushi chake, akaniita nimsindikize mpaka bondeni. Nilijificha migombani. Nilimsikia akiita mara tatu, nikaziba masikio, kwa sababu nilikuwa nimeona Bauma amekwisha kujitwika kifurushi kichwani. Wakashuka wote wawili. Bauma alirudi peke yake mchana, mikono mitupu, akaenda kuketi nyuma ya nyumba. Papa alirudi nyumbani mara mbili baadaye, siku chache chache, nami nikiwa bwenini kwa mapadri, tukapishana. Kisha homa ikamchukua kule kule kambini.

Bauma na mimi tumezeeka kwenye kilima kimoja, nyumba zetu zikitazamana. Ananiita kaka na tumezika ndugu pamoja. Ila hapa kwetu anayejua kunyoosha mti ni yeye peke yake, na watoto wakitaka upinde huenda kwake. Majuto ni mjukuu, nami wangu alikuja mwaka jana akiwa na fimbo iliyopinda mkononi, akinipita mlangoni kuelekea kwa Bauma. Nilimfuata. Nilimwona mtoto ameketi katikati ya magoti yale, mafuta viganjani, na wivu ukanipanda vile vile kama wa mtoto wa miaka kumi. Mtoto akaniuliza kwa nini mimi sijui kazi hii. Nikamjibu kwamba Papa yangu hakutaka kunifundisha.

Bauma aliacha kugeuza fimbo. "Usimuseme Papa vile," alisema. "Siku ile tukishuka, alikata fimbo pembeni ya njia. Ya kupinda sana. Akasema: mupe Petero, asiiguse, nikirudi nitainyoosha na yeye. Mi niliitupa mu mto." Akaiondoa fimbo ya mtoto juu ya makaa. "Wewe ulikuwa na papa, ulikuwa na mama. Mi nilikuwa na zile jioni tu. Nikaona utakamata na zile."

Mwanangu aliye Goma huniletea sauti yake kwa simu kabla uji wangu haujapoa, na nisipomjibu hunipigia tena. Zamani zile neno la baba lilikuwa fimbo, na lilitegemea mikono ya mtoto wa miaka tisa aliyefiwa. Nilitafuta hasira, kwa kuwa nilikuwa na haki nayo, nikakuta nimekwisha kuitumia yote kwa makosa mengine, miaka mingi. Nikavuta kigoda, nikamuuliza Bauma ile fimbo aliyoitupa ilikuwa imepinda wapi. Akaichora kwenye majivu kwa kidole, kona baada ya kona, bila kusita hata mara moja.