Jogoo, Bibi na Sidii Iliyokwama

Kila nikishika dawa ya meno, harufu yake hunirudisha sebuleni kwetu Gongo la Mboto, mbele ya deki ya sidii iliyokwama.

Filamu za mtaani zilikuwa za mapigano, na madijei walishazitafsiri kwa Kiswahili, sauti zao juu ya picha. Hii ya kwetu, ya Kiingereza, hakuna dijei aliyeitaka. Mzee anatembea na jogoo wake kwenda kumwomba msamaha mke aliyemkimbia, basi. Lakini dada alishaapa kwamba bibi ataiona na ataielewa. Akasimama pembeni ya televisheni, akawa dijei mwenyewe.

"Anasema nini huyo?" bibi akauliza.

"Anamwambia jogoo asimtie aibu ukweni."

Bibi alicheka mpaka machozi.

Mzee alipobisha hodi, picha ikaganda. Dada akaitoa sidii, akaipaka dawa ya meno kuondoa mikwaruzo, akaisugua, akaisuuza, akairudisha. Ikaganda palepale. Akairudia tena na tena. Mie nikamwambia aache.

"Siachi! Bibi halali bila kujua."

Picha ikagoma. Dada akaugeukia mlango ulioganda kwenye televisheni, akaendelea: "Mke anajibu, ngoja nijifunge khanga nifungue, chai bado ya moto."

Juzi nimeipata filamu ile mtandaoni, nzima. Nikakaa na wanangu. Mzee akabisha hodi. Sauti ya mke ikamjibu kutoka ndani, kwa Kiingereza ninachokielewa sasa, kwamba aondoke. Mlango haukufunguliwa.

"Mama, anasema nini?"

Nikainuka, nikasimama pembeni ya televisheni.

"Anasema, ngoja nijifunge khanga nifungue. Chai bado ya moto."