Mrina Asali Asiye na Nyuki

Juma lililopita niliingia ukumbi mmoja hapa Tabora, palipofungwa, kwa mashindano ya picha, semina ya kupiga na kusafisha picha. Picha iliyoshinda ni ya mrina asali mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, kaukumbatia mzinga, meno yote nje. Iliyoshika mkia ilibandikwa mlangoni: mrina mwingine, jicho limevimba hadi limefumba.

Mzee mmoja kutoka Ipole, kofia kaishusha usoni, aliisogelea ile ya mshindi mpaka pua ikagusa kioo.

"Mwanangu, nyuki wako wapi?"

Mwamuzi, kalamu tatu mfukoni, akacheka. "Mzee wangu, hii ni sanaa. Nyuki wangeiharibu."

"Na yule wa mlangoni?"

"Uso gani ule! Unatutia aibu. Watu wa vijiji vya ujamaa wana furaha."

Mzee akavua kofia. Jicho lake la kushoto lilikuwa bado limevimba.

"Basi mnisamehe kwa hiyo aibu," akasema, akatoka.

Mwamuzi hata hakumtazama. Alikuwa ameshatoa leso, anafuta alama ya pua kwenye kioo, tusije tukakosa kuiona vizuri pasi ya lile shati.