Kioo cha Dirisha la Mama

Mama yangu si mtu wa kuomba kitu kwa simu. Siku alipoomba madirisha nilikuwa Kasaji, nikiuza vipuri vya baiskeli karibu na stesheni, na nilikuwa nimeshaanza kuichoka Kasaji kama nilivyoichoka Lubudi kabla yake.

"Vumbi inatumaliza," alisema. "Bukari haiyafika ku meza, vumbi imeshaonja." Bukari kwetu ni ugali.

Nyumba yetu ya Kolwezi iko kando ya barabara ya makamioni ya madini. Baba aliipata alipokuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mgodi. Madirisha yake yalikuwa ya chuma, yenye vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na masitiki. Utotoni tuliibandua masitiki hiyo ikiwa bado laini, tukafinyanga ng'ombe. Baba alituchapa, kisha akapaka nyingine. Kila kiangazi aliyapiga madirisha rangi ya kijivu. Tangu alipofariki hakuna aliyeyagusa. Bawaba zililiwa na kutu, na milipuko ya mgodini ilitikisa kuta mpaka madirisha yakakataa kufunga. Mama aliziba nyufa kwa vitambaa.

Mimi nikiwa mbali hutamani nyumbani mpaka naumwa. Kule Kasaji niliweza kufumba macho na kuhesabu vioo vya dirisha la mbele, kimoja kimoja, pamoja na kile chenye ufa. Lakini nikifika, siku ya nne miguu huanza kuwasha. Najijua. Kwa hiyo nilikuja na mpango wa wiki mbili: nitafute fundi, abadilishe madirisha na milango miwili, nirudi njiani.

Majirani walinielekeza kwa fundi mmoja wa alumini nyuma ya soko, Mwislamu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Alivua viatu mlangoni, akapima kila tundu mara tatu, juu, katikati na chini. Ku Kolwezi, alisema, hakuna tena ukuta ulionyooka. Alipomaliza aliuliza, macho yake kwa mama:

"Mama anaikalaka wapi?"

"Namna gani?" nikadakia mimi.

"Muchana. Kiti yake iko wapi? Mi naulizaka mbele ya kuchagua vitri."

Nilimwambia asihangaike na kiti. Nilitaka vioo vya fime, vile vinavyong'aa kwenye majumba mapya ya wenye mali. Aliye nje anajiona mwenyewe, aliye ndani anaona kila kitu. Nilitaka mama awe na nyumba nzuri. Nilitaka pia barabara nzima ijue kwamba mtoto wake, pamoja na kuzurura kwake kote, amefanya kitu.

Fundi alimgeukia tena mama. "Mama, unasema nini?"

"Mutoto yangu anatembeaka mingi," mama alijibu. "Anajua bitu bya sasa."

Siku ya kung'oa ilikuwa nzuri kuliko zote. Tangu asubuhi nyumba ilikaa na matundu matupu, na mama alikaa kwenye kiti chake mbele ya tundu kubwa, akisalimiana na kila aliyepita.

"Mama, banakuuzishia nyumba?" jirani alimtania.

"Hapana, iko inapumua."

Kufikia jioni kila kitu kilikuwa mahali pake. Mlango wa mbele, ambao kwa miaka ulihitaji bega, ulifungwa kwa kidole kimoja. Makamioni yalipita na vumbi likabaki huko huko nje. Mama alipitisha kiganja juu ya meza, akakitazama, akanionyesha: kilikuwa safi.

Kesho yake mwanamke mwenye beseni la mboga alisimama mbele ya dirisha. "Jambo yenu," mama akamwambia. Mwanamke yule akakaza kitambaa cha kichwani, akakagua meno yake, akaenda. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Baadaye kijana wa pikipiki akasimama kuchana nywele. Tukacheka tena.

Siku ya tatu hakucheka. Miguu yake imevimba, na kwa miaka miwili hajavuka baraza. Watu wote aliokuwa nao aliwapata kwenye dirisha lile. Nilimfungulia kioo, vumbi likaingia, akakohoa mpaka nikakifunga. Mwisho wa wiki bamama ba kanisa walikwenda kwa jirani kuuliza kama mama amepelekwa hospitali Lubumbashi, maana nyumba imekuwa kimya. Walikuwa wamepita mbele yake mara mbili. Yeye aliwaona, akawapungia.

"Bananipita sawa vile nilishakufa," aliniambia, bila hasira.

Nilikwenda karakana. Fundi alikuwa anakata fremu, hakuinua kichwa.

"Mi niliuliza."

"Najua."

"Hapana, tata, sikiliza. Mi niliuliza yeye. Weye ukajibu."

Kioo cheupe, kile cha kawaida kinachoonyesha pande zote mbili, cha ukubwa ule hakikuwepo. Kingetoka Lubumbashi, siku tano hadi nane. Kamioni la kunirudisha Kasaji lilikuwa linaondoka kesho yake. Fundi alisema hata nikienda atakuja kukiweka. Nilijua atakuja. Usiku ule nilifunga mzigo wangu, asubuhi nikaufungua. Nilikaa siku tisa zaidi. Mama alikuwa amegeuza kiti chake asione wanaompita, nami nikamsomea barabara kwa sauti kutoka barazani: nani anapita, amebeba nini, amevaa nini. Sikuwa nimekaa nyumbani muda mrefu hivyo tangu nilipomaliza shule.

Kioo kilipowekwa, mama alijaribu kukisukuma, kikateleza vizuri. "Toka inje," akaniambia. "Pita sawa muntu. Nione kama batakuwa bananiona."

Nilikwenda mpaka kwenye nguzo ya umeme, nikageuka, nikarudi kwa mwendo wa mgeni. Alionekana wazi, kitambaa chake cha buluu, mkono juu. Alifungua kioo kidogo.

"Jambo yenu, tata."

Nilicheka kuitwa tata, yaani bwana, na mama yangu mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Jambo, mama."

"Munatoka wapi?"

"Kasaji."

"Ah, Kasaji." Akasogea mbele kitini. "Kule mutoto yangu anauzishaka bitu bya baiskeli. Hamukumuona?"

Hakuwa ananitania, wala hakuwa amenisahau. Maneno yalitoka bila kutafutwa, kama sala iliyosaliwa mara nyingi, na nikajiuliza ni watu wangapi walioshuka stesheni na mizigo yao amewasimamisha hapa.

"Nilimuona, mama."

"Anakulaka muzuri?"

"Anakula."

"Alisema atakuya siku gani?"

Kamioni lilikuwa linakuja. Mama alisukuma kioo kikafunga, vumbi likapanda kati yetu. Lilipotulia, alikuwa bado ananitazama, mkono kwenye fremu, akingoja nijibu ili afungue.