Syllabus inasema hapana, loi (sheria) inasema ndiyo: nilipata sufuri juu ya kusoma Code

Bakuu wa humu, salama zenu. Haya ninayoandika ni kweli tupu, na bado yananikera. Donc mukiona maneno makali, munivumilie.

Niko nasoma droit, ni kusema sheria, kwa université hapa Butembo. Kwetu vya kusomea viko vya kila namna: syllabus ya prof (masomo yake yenye anaandika na kutuuzishia), résumé ya bale balitutangulia, maulizo ya examen za zamani yenye kupita mu WhatsApp.

Code yenyewe, ile kitabu ya sheria, batu kidogo sana banaifungua. Banasema itakuchanganya kichwa.

Mimi niliifungua.

Examen ya droit de la famille, sheria ya jamaa, ulizo likakuja: mwanamuke mwenye kuolewa anaweza kwenda kortini bila ruhusa ya bwana yake? Nikajibu anaweza, nikaandika na article ya Code yenye inasema vile. Sufuri.

Nikaenda recours, kuomba baangalie tena points, kwa assistant wa prof mwenye alisahihisha. Nikamufungulia Code: loi ilibadilika tangu zamani, syllabus njo ilibakia nyuma. Hata hakuangalia.

"Mademoiselle, Code ni ya tribunal. Mu examen tunarestituer syllabus."

Kurestituer. Mwenye amesoma hapa kwetu analijua hilo neno: rudisha maneno ya prof sawasawa, na nukta zake, kama kasuku. Na kesho hao kasuku njo ba-avocat, njo ba-juge. Haki ya Mungu, inaudhi.

Juu ya ile sufuri nikaangukia deuxième session, kufanya examen mara ya pili. Nisipopita, ni kurudilia mwaka. Ulizo likarudi vilevile. Nikaandika: "Kufuatana na syllabus, hapana. Kufuatana na loi, ndiyo."

Akanipa nusu ya points, ikatosha. Jibu la uongo njo lilinipitisha. Lile la kweli alilikata na bic nyekundu.

Kufika nyumbani Beni, nikamuhadisia mama. Yeye anauzisha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, masomo yake yaliishia primaire. Alisikiliza mupaka mwisho.

"Kavira, sasa mimi naweza kwenda tribunal hata baba yenu akikatala?"

"Ndiyo, mama. Unaweza."

"Basi balikuangusha juu ya nini?"

Mimi nilichojifunza: syllabus ni ya kutafuta points, Code ni ya kusaidia batu, na musichanganye. Lakini mama ningali sijamujibu. Mwenye iko na jibu, aandike hapa chini, nitamusomea.