Bahasha Iliyochelewa

Pale ofisi ya zabuni ya manispaa walimwita Mama Saa. Watu walitania kwamba hata saa ya ukutani ikitaka kujua wakati humwuliza yeye. Kwa miaka kumi na tisa alikaa mapokezini, akizipokea bahasha za wazabuni, akizigonga muhuri wa tarehe, kisha akiandika kwa mkono wake saa zilipoingia. Aliyechelewa hata dakika mbili alirudishwa na bahasha yake, awe shemeji wa nani.

Mwaka ule ilitangazwa zabuni ya kuzibua mitaro ya mji. Kazi hiyo ilikuwa imefanywa miaka kumi na mmoja na mzee mmoja na vibarua wake saba. Mji mzima ulimjua kwa jina la Fundi Mitaro. Alileta bahasha yake mapema, akaketi kwenye benchi kungoja zifunguliwe. Saa nne kamili Mama Saa akafunga kitabu. Ilipopita dakika ishirini akaingia bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, ameshika bahasha ya kampuni ambayo haijawahi kuinua hata mfuniko mmoja wa mtaro. Kabla Mama Saa hajamrudisha, mkuu wake akamvuta pembeni, akamwambia taratibu kwamba bahasha ile imefika saa nne kasorobo. Mama Saa alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Akaandika alivyoambiwa.

Kampuni ikashinda. Fundi Mitaro akakata rufaa, akieleza alichokiona kwa macho yake akiwa pale kwenye benchi. Kamati ya rufaa ikamwita yeye na Mama Saa, na mwenyekiti akamtaka mama huyo aseme ukweli.

"Iliingia saa nne kasorobo," akasema.

Fundi Mitaro alimtazama kitambo. "Basi labda macho yangu yamezeeka, mama," akasema, akachukua kofia yake akatoka.

Kampuni mpya ilifagia juu juu, ikapiga picha, ikaondoka. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yalivuka vizingiti vya nyumba zilizo nyuma ya soko. Wakazi hawakuitafuta kampuni. Walimwendea Fundi Mitaro nyumbani kwake, maana mazoea yana taabu. Naye akaja na chepe lake na buti zake za mpira, mchana kweupe, akaingia kwenye kalvati lililoziba chini ya barabara. Takataka zikaachia ghafla, maji yakamchukua. Walimpata ng'ambo ya barabara, hana uhai.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya saa nne, Mama Saa alisikia buti za mpira zikipanda ngazi za ofisi, zimejaa maji. Akiinua kichwa, ngazi ni kavu na hakuna mtu. Kisha mkono ukaanza kumkataa. Akitaka kuandika saa yoyote, hata ya alasiri, kalamu iliandika saa nne kasorobo. Dada yake akamwambia ni uchovu tu, apumzike.

"Uchovu haupandi ngazi," akamjibu.

Wiki ya sita akapiga moyo konde, akaenda kwa mjane wa Fundi Mitaro. Akamweleza yote bila kumung'unya maneno. Mjane alikuwa akikunja nguo za marehemu, wala hakuacha.

"Alijua," akasema mwishowe. "Siku ile alirudi akaniambia, yule mama ameogopa, ana mkubwa juu yake, usimchukie."

Mama Saa akashindwa kuinua uso. Laiti angetukanwa.

"Lakini hayo ni yake," mjane akaendelea. "Mimi sijafika huko."

Kesho yake Mama Saa aliandika maelezo ya kurasa tatu, akayapeleka mwenyewe kwenye kamati. Zabuni ikafutwa na kutangazwa upya, na wale vibarua saba wakaomba pamoja, wakaipata. Mkuu akahamishiwa ofisi nyingine yenye kiti kikubwa zaidi. Mama Saa akaachishwa kazi, na hakuna aliyemsindikiza hata hadi mlangoni.

Sasa hushona mapazia nyumbani kwa dada yake. Mvua ikikaza, huacha cherehani, huchukua mwavuli na kwenda nyuma ya soko, akasimama juu ya kalvati mpaka maji yapite. Vibarua wamemzoea. Hawamsalimu, wala hawamfukuzi. Humzunguka tu, wakaendelea kuchimba.