Pete ya Bunduki ya Denzil

Nianze na mimi mwenyewe, maana nikianza na Denzil mtanisahau, na mimi si mtu wa kusahauliwa. Jina langu Burl. Katika bonde letu lote hili la Laurel Fork, West Virginia, hakuna mwanaume aliye hai anayetoboa karatasi kwa bunduki kunishinda mimi, isipokuwa mmoja, na huyo alimwoa dada yangu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe ilinichoka, tusibishane. Lakini matundu ya risasi nayasoma kama mchungaji anavyosoma Zaburi.

Huyo mmoja ni Denzil Cutlip. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa makaa ya mawe, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, uso umekunjamana kama aliyepewa kahawa ikakosa sukari. Alipostaafu hakununua mashua wala hakwenda Florida kukaangwa na jua kama wenzake. Alijenga benchi la zege nyuma ya nyumba, akachomeka bendera zake za upepo malishoni hadi kwenye tuta la udongo la kuzuia risasi, akakaa hapo. Yeye analenga, dada yangu Opal kando yake anachungulia kwenye darubini na kumpa ukweli.

"Imepanda, baba."

"Hiyo?"

"Imeshuka. Na hiyo ya kushoto ni upepo, usijilaumu."

Sasa niwaeleze pete, maana bila pete hakuna habari. Bunduki zetu hizi si za kuwindia. Zinakula risasi ndogo, ukimpiga nayo kulungu atageuka akuulize una shida gani. Lakini zenyewe ni nzito kama ndama, zinalala juu ya mifuko ya mchanga, na kazi yao ni moja tu, kupitisha risasi zote kwenye tundu lilelile. Shida ni kwamba mtutu ukipiga unatikisika, kama waya wa kuanikia nguo ukiguswa na fimbo. Kwa hiyo mdomoni pake tunafunga pete nene ya chuma yenye namba kuizunguka, kama kufuli la kasiki. Unaizungusha kidogo, unapiga. Unaizungusha tena, unapiga. Pete ikiwa vibaya, matundu yanapangana juu na chini. Ukiendelea, mahali fulani mtutu unakubali, na risasi zinaingia moja nyuma ya nyingine kama kondoo kwenye lango. Hapo unaacha, huigusi tena. Ya mwenzako ndiyo kabisa usiiguse. Kwetu, afadhali ukutwe chumbani na mke wa mtu, hilo bado litaongeleka. Na ukiulizwa pete yako iko namba ngapi, unadanganya. Mimi nimedanganya watu wa kaunti nzima, tena wengine walinishukuru.

Pete ya Denzil, aliyesema "acha hapo" ni Opal. Siku matundu yalipokuwa tundu moja, alitoa kwenye mkoba rangi yake ya kucha, nyekundu, akatia doa moja lililoshika pete na mtutu kwa pamoja.

"Kesho ukija na ujanja wako," akamwambia, "utanikuta hapa."

Kwa doa lile Denzil alibeba vikombe vyote vya klabu yetu ya shabaha, pamoja na kimoja kilichokuwa changu kabisa, ila siku hiyo jino lilikuwa linaniuma. Halafu moyo wa Opal ukasimama, msimu wa baridi wa mwaka juzi, akiwa anapaka siagi mkate. Doa likabaki.

Masika haya matundu ya Denzil yakaanza kupanda. Mara ya kwanza ilikuwa pale klabuni, mbele ya watu. Cletis Rohr, ambaye hata ghala akiingia ndani yake hawezi kulipiga, akaikodolea karatasi ya Denzil.

"Mzee, hii ni shabaha au zipu ya suruali?"

Tukacheka sote, mimi nikazidi. Denzil akakunja karatasi yake polepole, akaiweka mfukoni.

"Pete imelegea," akasema.

Hakuna aliyembishia. Matundu yakipangana juu na chini, yeyote kati yetu atakwambia ni pete. Akaenda nyumbani, akalivunja doa la Opal, nusu ikabaki kwenye mtutu, nusu ikaondoka na pete.

Kiangazi chote nilimsikia kutoka kwenye baraza langu. Anapiga, kimya, anapiga, kimya. Kile kimya ndicho kibaya, maana unajua anazungusha. Huo ugonjwa wa kuikimbiza pete tunaujua, umeshawafilisi watu akili. Kila siku mtu anaona kwamba hatua moja tu mbele kuna mahali pazuri kuliko jana. Nilimpelekea maharage na mkate wa mahindi, nikamwambia, "Shemeji, iache hiyo pete ipumzike, imeshapata kizunguzungu." Akala mkate tu. Maharage hakuyagusa.

Siku nyingine tena, mkate tu. Mara ya tatu nikakaa nimwangalie, nikajifanya natazama ng'ombe. Akachota kijiko kwa mkono wa kushoto, kama kawaida yake. Kijiko kilipofika mdomoni hakikuwa na kitu. Maharage yalikuwa mapajani.

Baba yake Denzil, mzee Hobert, alianza hivyohivyo, na kijiko. Mwisho mkewe alikuwa anamlisha kama kinda la ndege, na Denzil ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati kila Jumapili, mzee amegeuzia uso ukutani.

Na mkono wa kushoto, kwa mpigaji, ndio unaoshika ule mfuko mdogo wa nyuma, chini ya kitako cha bunduki. Ukiuminya, risasi inashuka; ukiulegeza, inapanda. Mkono ukitetemeka hapo, zipu inajichora yenyewe, na hakuna mtu duniani atakayeitofautisha na zipu ya pete mbaya. Denzil alijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana alizungusha pete kiangazi kizima.

Jumapili moja majani yakiwa yameshageuka rangi, tumetoka kanisani, akanishika kiwiko.

"Njoo nyumbani. Upige bunduki yangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Yako?"

"Ukipiga na wewe ukapata zipu, basi mtutu umekufa, nitatia mwingine." Akaivaa kofia yake. "Usipopata..."

"Nisipopata, basi nini?"

"Twende, Burl. Siku moja tu maishani mwako nyamaza."

Bunduki ilikuwa imelala kwenye mifuko. Akainama mdomoni pake airudishe pete kwenye doa la Opal, zile nusu mbili zikutane. Ikapita. Akairudisha. Ikapita upande wa pili. Nikaangalia bendera, zilikuwa zinazunguka taratibu, upepo mwanana. Nikaendelea kuzitazama.

"Weka wewe," akasema.

"Mimi siigusi pete ya..."

"Burl. Weka."

Nikaiweka. Nyekundu ikashikana na nyekundu. Chuma kilikuwa cha baridi, na nilijisikia kama nimeingiza mkono kwenye mkoba wa dada yangu.

Denzil akaketi kwenye kiti cha Opal, jicho kwenye darubini. Mimi nikakaa penye benchi lake, nikapiga.

"Katikati," akasema.

Nikapiga tena.

"Lilelile."

Nikapiga ya tatu. Nilichungulia mwenyewe, tundu moja, mviringo, safi, hata ukucha hauoni mahali pa kuingia. Nimepiga bunduki tangu utotoni na sijawahi kukaa nyuma ya kitu kizuri namna ile. Na kando yangu nikasikia pumzi ya Denzil imebadilika, kama ya mtu anayepandisha gunia ngazini.

Basi nikauminya mfuko. Kidogo tu. Ya nne ikashuka. Ya tano nikaulegeza, ikapanda.

"Zipu!" nikapiga kelele. "Umeona? Nilikwambia! Mtutu umekwisha, shemeji, chuma chakavu, kaufanye bomba la sinki!"

Nikainuka, nikajifuta mikono kwenye suruali.

"Kesho tunakwenda kutafuta mwingine. Nitakuchagulia mimi, unajua jicho langu."

"Burl."

"Naam."

"Kwenye harusi yangu ulishindwa kwenye mchezo wa kurusha viatu vya farasi. Ukalia."

"Lilikuwa vumbi."

"Ulilia mbele ya wakwe. Hujakosa kitu kwa kupenda tangu uzaliwe." Jicho lake lilikuwa bado kwenye darubini. "Umeuminya mfuko."

"Mkono umeteleza."

"Wako hautelezi."

Kama ningepiga vibaya tangu ya kwanza, labda angeamini. Lakini zile tatu nilizipiga kwa sifa, nikijionyesha, na kumbe ndizo zilizomhukumu. Zile mbili nilizomkosea kwa huruma zikaja kugonga msumari.

Akakaa sawa, akauweka mkono wa kushoto gotini, akaufunika kwa wa kulia. Wa kulia ukaanza kutikisika pamoja nao.

"Mama alimlisha baba," akasema. "Mimi nani atanilisha?"

"Mimi nipo."

"Wewe? Utakula nusu njiani."

Tulikaribia kucheka. Halafu akainuka, akaenda zake nyumbani, hakuokota maganda ya risasi, hakung'oa bendera, na Denzil hajawahi kuacha bendera zilale nje. Nikazing'oa mimi. Nikaibeba bunduki hadi jikoni, nimeishika kama maiti ya mtoto. Alikuwa amekaa mezani, koti bado mwilini, anajaribu kufungua kifungo cha juu.

"Niiweke wapi?" nikamuuliza.

Hakuinua macho.

"Popote," akasema. "Yenyewe haina kosa."

Siku hizi namletea maharage kwenye bakuli lenye kina, nakaa naye mpaka yaishe. Asubuhi, barazani kwangu, bado natega sikio kwa mlio wa bunduki.