Fundi Aliyeitikia Salamu

Fundi wa simu alikuwa mtu wa bara, mwenye msalaba mdogo shingoni, na kila alipotaka kuinua mkono wa simu alijifuta vidole kwanza kwa leso, kana kwamba anakwenda kula. Maalim Shee, mwenye nyumba hiyo ya Mji wa Kale, alimtazama akifungua kila kiungo cha waya, akikipuliza, akikifunga tena, huku akinong'ona, "Haya mama, niambie wapi panakuuma." Simu ile ilikuwa ikimpigia Zaituni, dada yake Maalim, bila ya kuguswa na mtu. Zaituni husalimia, haitikiwi. Na kwake yeye salamu isiyojibiwa ni tusi, hata ameapa kutohudhuria arusi ya binti wa kaka yake huyu.

"Waya ni mzima, Maalim, na simu ni nzima," fundi alisema kwa sauti yake ya chini. "Mimi mwenyewe sielewi."

"Basi mgonjwa ni mimi?"

Kabla hajajibiwa, simu ikaanza kupiga yenyewe, mbele ya macho yao, na kipaza sauti chake kikatoa sauti ya Zaituni: "Asalaam aleikum." Maalim, aliyefundisha watu adabu za salamu umri wake wote, akaduwaa asiweze kufumbua kinywa. Fundi ndiye aliyeinama, mkono kifuani, akaitikia polepole: "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh."

"Kaka?" Zaituni akauliza. "Leo umeniitikia?"

"Ni mimi, dada," akasema Maalim, akiisogelea simu, na bado haelewi kwa nini inajipigia yenyewe.